Kabla hujanunua kopo la "kusawazisha homoni": uzi wa chakula, homoni na umetaboli kwa wakazi wa Moshi na Arusha

Mgombani (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nafanya kazi ya lishe hapa Moshi mjini, na leo nimeamua kuandika kwa urefu kwa sababu jambo hili linaniuma. Akina dada wanakuja na mifuko imejaa makopo: unga wa kusawazisha homoni, chai ya kusafisha kizazi, matone ya kukata kitambi. Wengine wametoa hela ya kikoba, wengine ada ya mtoto. Ukimuuliza homoni gani imevurugika, hana jibu, maana aliyemuuzia hakuitaja. Mwili una homoni zaidi ya 50. Hakuna unga unaozinyoosha zote kwa kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Hoja yangu ni kwamba chakula kina nguvu kubwa kweli juu ya homoni, ila nguvu hiyo iko kwenye mlo wa kila siku, na kila homoni inaguswa kwa njia yake. Ukiijua njia, utajua ubadilishe nini jikoni na ukapime nini hospitali.

Naanza na insulini, kwa sababu hiyo inaguswa karibu kila unapokula. Inatengenezwa na kongosho. Ukila ugali, wali, ndizi au chapati, wanga unavunjwa kuwa glukosi, sukari inapanda kwenye damu, kongosho linaachia insulini. Insulini inafanya misuli iichukue ile sukari na ini liweke akiba. Inafanya na kazi nyingine ambayo wengi hawaijui: inazuia mafuta yaliyohifadhiwa yasiyeyushwe. Mtu akila kupita matumizi yake mwaka baada ya mwaka, mafuta yakajaa tumboni na kwenye ini, misuli na ini vinaacha kuitikia insulini vizuri. Kongosho linajibu kwa kuongeza insulini zaidi. Hapo ndipo pagumu, maana kipimo cha sukari kinaweza kuendelea kusoma kawaida kwa miaka huku insulini iko juu muda wote, na insulini ikiwa juu inagusa ovari, ini, shinikizo la damu, vitu vingi.

Sasa angalieni asubuhi ya mtu wa mjini. Saa moja yuko stendi, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na chapati mbili. Saa nne andazi na soda. Ile chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 40, sawa na vijiko tisa vya chai. Ongeza na vile vitatu vya asubuhi, umeshafika gramu 50 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi hizo gramu 50 kwa siku nzima, na ingefaa zaidi zikiishia 25. Huyu amemaliza zote na saa sita bado haijagonga. Wala hajisikii amekula, kwa hiyo mchana anapakua mlima wa wali na maharage vijiko viwili pembeni.

Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Kilimanjaro ambao natamani kila mtu wa mkoa huu aujue. Ulifanywa na watu wa hospitali ya KCMC ya hapa Moshi pamoja na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, ukatoka kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2025. Walichukua vijana wa kiume 77 wenye afya, wa vijijini na wa Moshi mjini. Waliokuwa wakila chakula cha asili wakapewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili: mkate mweupe, soseji, chipsi na vinginevyo. Waliozoea cha kizungu wakapewa cha asili: ndizi za kupika, kunde na maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa. Wiki mbili tu. Kwa waliohamia cha kizungu, alama za uvimbe wa ndani kwenye damu (si jipu wala saratani, ni kinga ya mwili kuwaka kama inapambana na ugonjwa) zilipanda na uchakataji wa chakula mwilini, yaani umetaboli, ukavurugika. Kwa waliorudi kwenye cha asili, uvimbe ulishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Walikuwa wanaume peke yake na muda ulikuwa mfupi, kwa hiyo siwezi kuutumia kumwahidi dada yangu kwamba hedhi yake itakaa sawa. Lakini ule uvimbe wa ndani ni moja ya vitu vinavyofanya misuli isiitikie insulini. Na chakula kilichowasaidia wale vijana kinauzwa soko la Mbuyuni kila asubuhi.

Karibuni tuulizane.

Fundi wa Pasua

Mkuu nimesoma yote. Ila mimi babu yangu alikula ndizi na ugali maisha yake yote, hakuwa na kisukari wala kitambi. Leo mnatuambia wanga ni tatizo. Na hizo nafaka zisizokobolewa mnazosifia, yaani dona, mashineni wanasema inaleta sumukuvu. Tushike lipi?

Mgombani (mleta uzi)

Fundi, babu yako hakukosea. Wanga siuiti adui popote. Babu alipanda na kushuka mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Misuli inayofanya kazi inachukua sukari kwenye damu hata insulini ikiwa kidogo. Wewe unakula sahani ya babu halafu unapanda bodaboda. Tena sahani ya babu ilikuwa na vitu vingine: kiburu cha ndizi kina maharage ndani yake, na pembeni kuna mboga ya mnafu. Maharage yanachelewesha wanga kuvunjwa. Makande nayo ni hivyo hivyo. Mjini tumechukua wanga peke yake, tukaukoboa, tukaacha kilichokuwa kinaupunguza kasi.

Hata ndizi yenyewe inatofautiana. Mshare mbichi ina wanga ambao sehemu yake haimeng'enywi upesi, unashuka mpaka utumbo mpana na kuwa chakula cha bakteria wazuri. Ikiiva, wanga ule unageuka sukari. Na ukipika ndizi au ugali ukaacha upoe, sehemu ya wanga inakuwa ngumu kumeng'enywa.

Dona na sumukuvu: hoja yako ni ya kweli. Kukoboa kunapunguza sumukuvu kwa sababu sehemu kubwa inakaa kwenye pumba na kiini. Lakini huko huko ndiko ziliko nyuzinyuzi, magnesiamu na vitamini za kundi B. Nunua mahindi yaliyokauka vizuri, kaa chini uyachambue, toa yaliyooza, yenye ukungu na yaliyotobolewa na wadudu, ndipo upeleke mashineni. Kama huna uhakika na mahindi, kula sembe, kidogo, na ongeza maharage na mboga. Mboga na maharage vitangulie mdomoni, ugali ufuate. Na ukimaliza kula, tembea robo saa. Sukari ya baada ya mlo inashuka vizuri zaidi ukitembea kuliko ukikaa.

Dada wa Sakina

Habari kaka. Niko Arusha. Hedhi yangu inaruka miezi miwili hadi minne, nina chunusi za kidevu na vinyweleo vinaota kama ndevu. Ultrasaundi walisema vifuko vidogo vidogo kwenye ovari. Kuna mtu kaniuzia unga kwa laki moja na nusu, kanikataza wanga wote, hata ndizi. Nimeshinda njaa, kichwa kinauma, hedhi bado haijaja. Je nimeshachelewa? Naogopa kukosa mtoto.

Mgombani (mleta uzi)

Dada, pole sana, na hujachelewa. Hali kama yako inaitwa PCOS na iko kwa mwanamke mmoja kati ya kumi hivi, wengi wao hawajui kama wanayo. Picha ya ultrasaundi peke yake haitoshi kuithibitisha. Madaktari wanatafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na mwonekano wa ovari. Wewe kwa maelezo yako una dalili zinazotosha kwenda kwa daktari wa wanawake. Atapima pia tezi ya shingo na prolaktini, homoni ya kutoa maziwa, maana hizo nazo zikivurugika hedhi inaruka, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Chakula kinaingilia hapa: kwa wanawake wengi wenye PCOS, mwili hauitikii insulini vizuri, kwa hiyo kongosho linaizidisha. Ile ya ziada inaisukuma ovari itengeneze testosteroni, homoni ya kiume, kwa wingi. Wakati huo huo inalifanya ini lipunguze protini inayoishikilia testosteroni kwenye damu, kwa hiyo testosteroni iliyo huru inaongezeka. Chunusi na ndevu zinatoka hapo. Mayai yanashindwa kukomaa na kutoka, hedhi inaruka. Hata mwanamke mwembamba inaweza kumpata.

Habari njema ni kwamba kinachohitajika si kikubwa. Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, wengi huanza kuona hedhi ikirudi. Kwa mtu wa kilo 80 ni kilo 4 hadi 8. Huhitaji kukimbia wanga wote. Ugali kipande cha ngumi yako. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha au mnafu au figiri. Robo iwe maharage, yai, samaki au nyama. Soda na juisi zenye sukari acha kabisa, hizo ndizo za kwanza kutoka. Loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando isiyotiwa sukari, ni chakula kizuri kwako, kipimo chako kikiwa bakuli dogo. Kushinda njaa kutwa halafu kula sana usiku, hiyo iache, itakuchosha na haitakusaidia. Daktari anaweza kukuanzishia metfomini, dawa inayosaidia mwili uitikie insulini. Haipingani na chakula, vinafanya kazi pamoja.

Mama Rombo

Hamjambo wanangu. Mimi ni mkunga mstaafu. Mwanangu Mgombani umeongea vizuri lakini tezi umeipita juu juu, na sisi wa milimani tezi ndiyo yetu.

Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini joto, yaani ayodini. Homoni hiyo ndiyo inayopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani, moyo upige vipi, mtu asikie baridi au joto. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Ni kidogo mno, lakini ikikosekana tezi inavimba ikitafuta, ndiyo rovu. Udongo wa milimani mvua imeuosha madini joto kwa miaka mingi, na bahari iko mbali. Kwa hiyo mboga za kihamba, shamba letu la nyumbani, hata ziwe nzuri namna gani, hazina ya kutosha. Nyanda za juu za nchi hii zilijulikana kwa rovu, na mama mjamzito akipungukiwa sana, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia. Hilo nimeishi nalo kazini na sipendi kulikumbuka. Serikali iliagiza chumvi itiwe madini joto katikati ya miaka ya 1990, na hapo mambo yakabadilika.

Sasa naona tunarudi nyuma. Mtu ananunua chumvi ya fungu isiyo na pakiti kwa kuwa ni rahisi. Mwingine anayo nzuri lakini anaiweka kwenye kopo lisilo na kifuniko, juu ya jiko la mkaa, inapigwa na mvuke na joto kutwa. Ukiingia jikoni kwake unaona chumvi imeshikana, imelowa, na bado anaitumia miezi. Madini joto yanapotea hivyo. Kopo liwe na kifuniko, likae mbali na jiko, na chumvi utie chakula kinapokaribia kuiva.

Halafu magadi. Tunatia kwenye kiburu, kwenye maharage, kwenye makande yalainike. Magadi si chumvi ya madini joto, na huku kwetu mengine yana floridi nyingi, ile ile inayopiga watoto wa Arusha meno ya kahawia. Loweka maharage usiku kucha, hutahitaji magadi.

Mgombani (mleta uzi)

Shikamoo mama, na asante sana. Umesema nilichopaswa kukiandika juu kabisa.

Naongeza hesabu moja. Chumvi yenye mikrogramu 30 za madini joto kwa gramu, ukila gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, unapata zile 150. Na gramu 5 ndicho kikomo cha chumvi kwa siku kwa ajili ya presha. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuzidisha chumvi eti upate madini joto. Tena yakizidi mno nayo yanaivuruga tezi. Wale wanaouziwa matone ya ayodini bila kupimwa waachane nayo.

Kingine: madini ya chuma. Kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya tezi kinahitaji chuma, kwa hiyo dada mwenye upungufu wa damu tezi yake nayo inasuasua. Mnafu na maharage vina chuma. Kamulia limau au kula na nyanya kifyonzwe vizuri, na chai isogeze saa moja mbele.

Njiro Mjasiriamali

Mimi nina tezi iliyolegea, natumia levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, mwaka wa pili. Dozi inaongezwa kila nikipima na bado naambiwa haitoshi. Chakula kinahusika?

Mgombani (mleta uzi)

Unaimezaje? Nauliza hivyo kwa sababu huku kwetu wengi wanaimeza na kahawa au chai ya maziwa ya asubuhi, na vyote viwili vinazuia isifyonzwe. Imeze na maji matupu, tumbo tupu, subiri nusu saa hadi saa moja ndipo unywe kahawa yako. Vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Soya pia, kama unakunywa uji wa lishe wenye soya asubuhi, usogeze. Mweleze daktari umebadilisha hivyo, ili asubiri wiki sita hivi apime tena kabla ya kugusa dozi.

Meku wa Kibosho

Nimewasoma vijana. Kwenye huo utafiti wa KCMC nimesikia mbege nayo ilisifiwa. Mimi nina kisukari, nakunywa vidonge. Mama watoto amenipiga marufuku. Nimwonyeshe uzi huu?

Mgombani (mleta uzi)

Shikamoo meku. Ni kweli, kundi moja la wale vijana lilikunywa mbege wiki moja, na baadhi ya vipimo vya uvimbe wa ndani vilionekana kuwa bora. Mbege ni ndizi na ulezi vilivyochachuka, ina viambata vizuri vya mimea. Lakini wale walikuwa vijana wazima, hawana kisukari, hawana dawa. Wewe ini lako ndilo linaloachia sukari pale unapokaa bila kula, na pombe inalizuia. Ukichanganya na baadhi ya vidonge vya kisukari au insulini, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka, hasa usiku ukinywa bila kula. Muulize daktari jina la vidonge vyako na kama vina hatari hiyo. Mpaka hapo, mama watoto yuko sahihi. Ukitamani kitu cha ndizi, kunywa kitawa, ndizi na maziwa mgando, bila sukari, bakuli dogo.

Mama wa Mkimbiaji

Jamani naomba msaada. Binti yangu ana miaka 17, anajiandaa na Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari. Anakimbia asubuhi na jioni, amekonda, hedhi imekata tangu Oktoba. Rafiki zake wanasema kwa wakimbiaji ni kawaida, na yeye anaona ni nafuu. Kuna duka limeniambia ana homoni nyingi za kiume, nimpe unga.

Mgombani (mleta uzi)

Mama, usimpe huo unga. Na hedhi kukata si jambo la kawaida kwa mkimbiaji, ingawa linatokea sana.

Kwanza, kwa upole, apimwe ujauzito. Ndicho kipimo cha kwanza kwa kila msichana ambaye hedhi imekata. Kama haupo, kuna uwezekano mkubwa anakula pungufu ya anachokimbia. Mafuta ya mwilini yanatoa homoni inayoitwa leptini, inayoufahamisha ubongo akiba ipo kiasi gani. Akiba ikishuka na chakula hakitoshi, ubongo unasitisha amri ya kuziamsha ovari. Estrojeni, homoni ya kike, inashuka. Umri huo ndio anajenga mifupa ya maisha yake yote, na bila estrojeni mifupa haijengeki vizuri. Wakimbiaji wa namna hii wanapata nyufa za mifupa ya miguu. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake rasmi, RED-S, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo, mwaka 2014, na wanaume pia wanaipata.

Tiba yake ni kula. Asitoke kukimbia na chai kavu. Ale kitu kabla, hata ndizi mbivu mbili, na akirudi ndani ya saa moja apate mlo kamili: kiporo cha ndizi na maharage, yai, kikombe cha maziwa. Karanga awe nazo kwenye begi la shule. Jioni mafuta yasiogopwe. Parachichi letu la kihamba linamfaa. Kocha ampunguzie mbio kwa muda, na aende hospitali wamwone, wapime damu, tezi na homoni. Kama unamwona anahesabu matonge au anajificha kula, mwambie daktari hilo mapema.

Fundi wa Pasua

Nimekaa nikasoma hadi hapa. Na sisi wenye vitambi? Jamaa wanauza dawa ya kuongeza homoni za kiume kila kona.

Mgombani (mleta uzi)

Fundi, mafuta ya tumboni yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Kadiri kitambi kinavyokua, testosteroni inashuka. Kupungua uzito kunaipandisha bila kopo. Anza na bia za jioni na chipsi za usiku, na ulale mapema. Usiku mfupi unaongeza homoni ya njaa na kupunguza ya shibe, ndiyo maana ukikesha unaamka unatafuta chapati. Pima na sukari. Ukiwa hujala usiku kucha, 7.0 mmol/L kwenda juu ni kisukari, ikithibitishwa kwa kurudia; kati ya 6.1 na 6.9 bado una nafasi ya kuizuia. Testosteroni ukiipima, iwe asubuhi.

Dada wa Sakina

Kaka nimeongea na mama, Jumatatu naenda kwa daktari wa wanawake. Niende na nini? Na ule unga niuache leo?

Mgombani (mleta uzi)

Uache leo, ila usilitupe kopo. Lichukue uende nalo, daktari asome kilichoandikwa nyuma. Mwambie pia kama unameza vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina bayotini nyingi, vitamini ya kundi B, na bayotini inapotosha baadhi ya vipimo vya maabara, vya tezi hasa. Atakuambia uache siku chache ndipo upimwe. Andika kwenye karatasi tarehe za hedhi zako kwa kadiri unavyozikumbuka, mwaka mzima kama unaweza. Nenda bila kula tangu usiku, maji unakunywa. Beba yai la kuchemsha na ndizi kwenye mkoba, ule ukishatolewa damu. Na kama kisukari kipo kwenu, kwa mama au kwa shangazi, mtajie.